Kisu cha Kipimo cha Mkono wa Mama

Siku baba aliponiambia kwamba fuawe ameshaiuza, nilikuwa nimekalia mbuzi nikikuna nazi.

"Mama," aliniita, maana mimi nimepewa jina la mama yake, na hajawahi kuniita vingine.

"Abee, baba."

"Yule mhunzi wa Kisauni yuaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Atakuja na mkokoteni. Fuawe ameitaka, nami nimempa neno; pesa atazileta siku hiyo."

Nikaendelea kukuna mpaka nikakuna na kifuu. Mimi ndivyo nilivyo. Jambo likiwa kubwa ulimi hunikauka, na majibu yangu mazuri hunijia mtu akishakwenda zake. Jioni ile niliandika katika daftari: "Fuawe ikitoka, baba naye atatoka, ijapokuwa atabaki amekaa palepale mlangoni." Niliandika hivyo wazi kwa sababu nilijua hapana atakayesoma. Tulikuwa tunakaa Chaani, vita vikuu vya pili vimekwisha yapata miaka miwili, nami nina miaka kumi na sita.

Fuawe yenyewe ilikuwa pande la chuma lililozamishwa nusu katika gogo la mkwaju, ndani ya kibanda nyuma ya nyumba tulichokiita kiwanda. Juu yake baba alifua majembe, shoka na mapanga ya watu wengi wa Changamwe. Alikuwa akiitwa Fundi hata na wazee waliomzidi umri. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kikoi, upande wake wa kulia ukafa ganzi. Mguu ulirudi baada ya mwaka mmoja. Mkono haukurudi.

Miaka minne ilipita hivyo. Tuliuza mbuzi, tukauza kitanda cha samadari alichoachiwa mama na nyanya yake, tukauza mabati sita ya jikoni. Mimi nilikuwa darasa la sita kwenye shule ya bweni ya misheni, nikarudishwa nyumbani na sanduku langu. Kuna miezi tulikula muhogo asubuhi na muhogo usiku, na mchana tukaambiana hatuna njaa. Mama alishona makuti kutwa, na usiku akapika tui la nazi kuwa mafuta ya kuuza. Baba alikaa mlangoni. Watu walipita wakimwamkia, lakini lile jina la Fundi lilikuwa limewatoka midomoni taratibu, bila mtu kukusudia, wakawa wanamwita mzee. Alikuwa hajafika miaka hamsini.

Njaa ilikuwapo, sikatai. Lakini nadhani fuawe aliiuza kwa kuchoka kuiona.

*

Kisu kilianzia kwenye kifundo cha mkono wa mama, wiki ileile.

Washona makuti wa upande wetu walikuwa wakikusanyika katika ua wa bibi mmoja wa Kiislamu, mwenyeji wa tangu na tangu, ambaye ndiye aliyepokea kazi kutoka kwa wajenzi na kuigawa. Alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali na macho makali zaidi. Alilosema kuhusu kuti au kisu lilikuwa ndilo. Pale uani wanawake hukaa goti kwa goti, kila mmoja na rundo lake, na kabla ya kushona lazima upasue upongoo, ule uti mgumu wa kuti, upate fito za kufungia. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Mapanga ya dukani yalikuwa ghali tangu vita, tena marefu, yametengenezwa kwa bega la mwanamume anayefyeka msitu. Wanawake walitumia vipande vya mapanga yaliyovunjika, mpini ni kitambaa kilichoviringishwa. Kila kukicha kulikuwa na kidole kilichofungwa tambara.

Mama alikuwa na kipande kama hicho. Kifundo chake cha mkono kilivimba kikawa kama boga changa. Adhuhuri moja alilala mkekani mkono umekunjuka, nikachukua penseli nikaweka daftari chini ya kiganja chake, nikakichora pembezoni, kidole kwa kidole. Kumwomba aninyooshee mkono nisingeweza. Angeniuliza wa nini.

Siku tatu nilichora juu ya ule mkono. Nilichora mpini wa kujaza kiganja kile na si kingine. Nilichora bapa fupi, shibiri moja na vidole vinne, pana kuelekea mbele ili uzito wake wenyewe ufanye kazi na kifundo kipumzike. Mgongo niliufanya mnene, maana niliona wanawake wakigonga migongo ya visu kwa rungu kuvizamisha ndani ya upongoo. Ncha niliikata, nikaiinamisha kama pua ya kasuku, kwa sababu ukikaa goti kwa goti ncha kali humdunga jirani. Na chuma chenyewe nilikichora kikipita katikati ya mpini mpaka mwisho, kimebanwa kwa mbao mbili, badala ya kuchomekwa tu kama kawaida. Visu vya kuchomekwa mti ukikauka hutoka, kisu kikabaki ndani ya upongoo na wewe umeshika mpini unacheka peke yako.

Kisha nikafanya nilivyozoea kufanya nikitaka jambo: nililiacha daftari limefunguliwa juu ya kigoda cha baba, nikakimbilia kisimani.

Baba hakusoma shule. Lakini mchoro aliusoma. Niliporudi na ndoo kichwani alikuwa ameliegemeza daftari kwenye goti.

"Nani kakufundisha mgongo uwe mnene?"

"Hakuna, baba."

"Na pua hii?"

"Ili wasidungane."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na majani manne ya springi za lori, mabapa marefu ya chuma aliyoyanunua kwa mwuza vyuma kabla ya kuugua. Kuku walikuwa wakilala juu yake. Nikamwona anatazama huko.

"Jani moja latoa visu vinne," akasema, kama anayesema na mtu mwingine. "Chuma cha kubeba lori hakiogopi kuti." Halafu akaugusa mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaniregeshea daftari. "Atafua nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Sikujua amesikia tangu wapi.

"Mimi," akasema.

"Mke wangu, usinichekeshe. Tangu lini mwanamke akaingia kiwandani? Wazee wetu walisema chuma hupasuka."

"Wazee wako walikuwa wakiogopa kuonekana wanavyopumzika huko ndani. Moto wa jikoni wangu, wa kiwandani si wangu? Kwani moto una baba yake?"

"Nyundo ni nzito."

"Mchi je? Tangu msichana natwanga. Huyu naye natwanga naye kinu kimoja, mchi wangu ukipanda wake washuka, hatujagongana hata siku moja. Wewe tuonyeshe pa kupiga tu."

Baba akalitaka tena daftari. Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mtungi, kwa sababu nilikuwa nimehesabiwa ndani ya kazi bila kuulizwa, na nilikuwa nimefurahi mno.

*

Hivyo ndivyo tulivyofua. Baba alikaa juu ya kigoda, mkono wa kushoto ukivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Makaa yalikuwa ya vifuu, ambayo hayakutugharimu kitu na moto wake ni mkali kuliko wa kuni. Chuma kilipokuwa chekundu alikishika kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, akatuonyesha kwa kidevu pale panapotakiwa pigo. Mama akapiga. Nyundo yake ilipopanda, yangu ikashuka. Ti, ta. Ti, ta. Baada ya siku mbili hatukuwa tukifikiri tena, na mama alikuwa ameanza kuimba nyimbo za kutwangia.

Majirani walikuja kuchungulia. "Jamani, leo mwatwanga misumari?" mmoja aliuliza. Mama akamjibu, "Karibu, uji wake twaupika sasa hivi."

Siku ya nne kisu cha kwanza kilikuwa na umbo la mchoro wangu kabisa. Kilibaki kupewa ugumu, maana chuma kikitoka kufuliwa huwa laini, na lazima kipashwe moto kisha kizamishwe ghafla. Baba alikigeuzageuza kwenye makaa. Nikamwona anatupa jicho kwenye kona ambapo mama huweka debe lake la mafuta ya nazi. Akaangalia kando. Akaangalia tena.

"Leta maji," akaniambia.

Nikataka kumwuliza mbona anaangalia debe. Sikumwuliza. Nikachota maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kama maji yote ya Chaani, nikaleta ndoo. Kisu kililia kilipoingia. Kikatoka cheusi, kigumu. Tupa ilikipita juu bila kukikwaruza. Mama akapiga vigelegele.

Kesho yake mama akakipeleka uani kwa bibi. Nilimfuata, nikajibanza nyuma ya rundo la makuti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hicho, kisu au mdomo wa bata?" Wanawake wakacheka. "Lete nikione. Mume wako amepona?"

"Bado, bibi. Tumekifua sisi, mimi na binti yangu, yeye akituongoza."

Kicheko kikazidi. Bibi hakucheka. Alikipima mkononi, akanyanyua nyusi kidogo, akakiweka juu ya upongoo mnene na kugonga mgongo wake kwa rungu. Kikazama vizuri. Akagonga tena. Pigo la tatu kilitoa mlio kama glasi, na nusu ya bapa ikaruka, ikachoma ardhi karibu na guu la mwanamke mmoja mwenye mimba.

Kisha bibi akaliokota lile pande na kumkabidhi mama kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani.

"Mwanangu, kushona makuti mwajua. Shikeni hilo. Mtu angekufa hapa. Kisu cha nyumba yenu mimi sikishiki tena, wallahi."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika Jumamosi ile.

*

Tulipofika nyumbani baba aliuona uso wa mama, akanyosha mkono apewe vipande. Akavitazama pale palipokatika. Palikuwa na ufa mweusi, mwembamba kama unywele, ulioanza kabla ya rungu la bibi kugusa kitu.

"Ni maji," akasema. "Maji ya chumvi yanakipoza kwa ghadhabu, kikapasuka ndani. Chuma cha springi hakizamishwi majini. Huzamishwa kwenye mafuta."

Mama akaweka kikapu chini. "Ulijua?"

"Nilijua tangu ujana wangu."

"Na ukazamisha majini?"

Baba hakumtazama. "Mafuta ni yako. Wewe ndiye unayetulisha kwa hayo. Miaka minne sijaingiza ndani ya nyumba hii hata pishi moja la mahindi. Nikuombe tena mafuta nikaunguze?"

Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nikasikia sauti inasema, "Mimi nilikuona ukiliangalia debe, nikanyamaza." Ilikuwa sauti yangu. Baba akanigeukia, nasi tukatazamana kama watu wawili waliokamatwa kwa kosa moja. Hapo ndipo nilipojua nimeirithi wapi tabia yangu.

Mama alitukagua, yeye kisha mimi, mimi kisha yeye.

"Mungu amenipa mabubu wawili," akasema. Akaenda kwenye kona, akaliburuta debe lote mpaka kiwandani, akalibwaga karibu na fuawe mafuta yakamrukia miguuni. "Haya! Mtu ataniambia mafuta yakipoa huacha kuwa mafuta? Tutapikia. Samaki hatajua kama kilitangulia kisu."

Tulifua kingine, tukakizamisha kwenye mafuta. Safari hii mlio ulikuwa mdogo, kama mtu anayekohoa ndani ya shuka, na kibanda kizima kikanuka kama jikoni kwa mama. Kisha baba hakukiacha hivyo, maana ugumu mtupu huvunjika. Alikilaza juu ya mchanga wa moto, akatuambia tukitazame pamoja naye. Chuma kikaanza kupata rangi taratibu, kikawa kama kuti lililokauka juani. "Sasa!" akapiga kelele, na mama akakitoa. Sikuwa nimesikia baba akipiga kelele tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mbao za mpini zilikuwa za mkwaju, tukazibana kwa misumari mitatu minene tuliyoikata vichwa na kuifulia pande zote mbili.

Baba akakibana kisu kati ya mawe mawili, akakikanyaga kwa mguu wake mzima. Kikapinda. Akainua mguu. Kikarudi kikanyooka.

Kisha mama akakikanyaga yeye. Halafu mimi. Halafu baba tena, bila sababu.

*

Mama hakumwonyesha bibi. Alikitia katika kikapu chake pamoja na chakula, akaketi mahali pake pa kila siku na kuanza kazi, kanga imefunika mkono. Jumatatu alimaliza makuti yake kabla ya adhuhuri akamsaidia jirani. Jumanne vilevile. Jumatano bibi alikuja akasimama mbele ya rundo lake. Nilikuwapo siku hiyo, nikifunga fito.

"Makuti haya umeshona na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Una mikono mingapi?" Akaiinua kanga kwa ncha ya fimbo. "Aa. Mdomo wa bata umerudi."

"Ulisema hukishiki, bibi. Nami sikukupa."

Wanawake waliacha kushona. Bibi alitazama mkono wa mama, ule uliokuwa umevimba, akauminya kifundo kwa vidole viwili kama anayejaribu embe. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Akaketi chini, akanyosha kiganja.

"Nimekula kiapo," akasema. "Nitafunga siku zangu tatu za kukitangua. Kilete."

Alipasua upongoo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Aliomba shina la kuti lililokuwa limekauka tangu kaskazi, gumu kama jiwe, akagonga mgongo wa kisu kwa rungu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwanamke mwenye mimba alikuwa ameshahamia upande wa pili wa ua. Shina likaachana vipande viwili. Bibi akapitisha kidole kwenye makali, akatazama kama pana pengo. Hapakuwa na pengo.

"Nani aliyepima mpini huu?"

Mama akaninyoshea kidole. Nikaangalia chini.

"Wewe? Inua uso, mwanangu, hapana anayekula mtu hapa. Mimi vidole vyangu ni vifupi kuliko vya mama yako. Waweza?"

"Naweza, bibi," nikasema. Nadhani alinisikia.

*

Jumamosi asubuhi mkokoteni uliingia uani kwetu. Mhunzi wa Kisauni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, amekuja na hamali wawili waliousukuma tangu Kisauni kupitia daraja la Nyali, na sasa wakitaka maji ya kunywa. Baba alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kanzu yake safi. Usiku kucha mama alikuwa amemwambia asiuze, naye akajibu neno moja tu: alitoa neno. Kwa watu wa kwetu neno la mhunzi halirudi. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Mzee wangu, mzigo u tayari?" akauliza yule mhunzi.

Kabla baba hajajibu, bibi aliingia langoni, na nyuma yake ua mzima wa washona makuti: kumi na saba, niliwahesabu, kila mmoja na kipimo cha mkono wake alichokikata kwenye jani la mgomba.

"Hodi! Fundi yuwapi?" bibi akasema. Akauona mkokoteni. "Hawa nao wataka visu?"

"Nimekuja kuchukua fuawe, bibi. Tumepatana."

Baba akainamisha kichwa. Nilimwona akikusanya mate, na nilijua anachotaka kusema, kwa kuwa mimi pia huwa nakusanya mate hivyo kabla ya kushindwa.

"Fuawe haitoki," nikasema.

Nilisema kwa nguvu mno, mpaka kuku wakaruka. Mhunzi akanigeukia. Nikaingia kiwandani nikatoka na kisu, nikamwekea mkononi. "Tunaitumia. Baba anaongoza, sisi tunapiga. Kama huamini, vunja."

Akakibana kwenye tairi la mkokoteni, akakipinda kwa uzito wake wote, na uzito haukuwa mdogo. Akakiachia. Kikarudi. Akaligonga bapa kwa ukucha akasikiliza, akachungulia pale chuma kilipopita katikati ya mpini. Uchangamfu ulimtoka usoni, akawa na sura ya mtu anayefanya kazi.

"Umezamisha kwenye mafuta," akamwambia baba.

"Ya nazi," baba akajibu.

"Nami nilipewa neno," akasema yule mhunzi polepole, "na mgonjwa mmoja aliyekuwa amekaa mlango huu. Leo simwoni. Namwona fundi, na fundi hajaniahidi kitu." Akamrudishia baba kisu kwa mikono miwili. "Nifulie kimoja cha mke wangu. Mkono wake ni mkubwa, usimwambie nimesema."

Hamali mmoja akauliza, basi wamesukuma mkokoteni mtupu kutoka Kisauni kwa ajili gani? Bibi akamwambia, kwa ajili ya mazoezi, mwanangu, nenda kanywe maji.

Baba akasimama. Alivua kanzu, akaingia kiwandani, nasi tukamfuata, na wale wanawake wote wakamiminika nyuma yetu, kila mmoja akipunga jani lake la mgomba na kupiga kelele kwamba chake kianze. Fundi, mimi nina watoto! Fundi, mimi nilifika kabla yake! Fundi! Fundi!

"Msinisukume!" baba akafoka, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Nina mkono mmoja!"

"Mitano," mama akamsahihisha, nyundo yake ikiwa imeshapanda.